Umeme Haukukatika

Umeme haukukatika. Niliuchomoa mimi, kwa kisigino cha mguu wa kulia, nimevaa kandambili za bluu, saa sita na nusu mchana, mbele ya watu watano ambao wote walikuwa wanatazama kwingine.

Jambo hili nimelikana kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu mnaonisoma. Nimelikana mbele ya ami yangu kwa kiapo, mbele ya mume wangu kwa kicheko, na mbele ya aliyedhulumiwa mwenyewe, mara mbili, nikimtazama usoni. Kama kukana kungekuwa gemu, jina langu lingekaa juu ubaoni mpaka leo.

Lakini ili mjue nilichomoa nini, inabidi kwanza niwaeleze kazi yangu. Nilikuwa fundi gemu. Msicheke. Au chekeni, mimi mwenyewe nilicheka siku ya kwanza.

Nilikuwa nimerudi Tabora kutoka chuo kikuu na shahada ya fasihi, nikiamini mji mzima utatoka kunipokea. Alitoka Ami Salum peke yake, mdogo wake baba, na alikuja stesheni kwa sababu kulikuwa na mzigo wake katika treni ile ile. Alikuwa na duka karibu na stesheni. Mbele aliuza betri, nyaya na redio. Nyuma kulikuwa na chumba kirefu chenye televisheni tano za chogo, mashine tano za gemu, na mabenchi ya mbao yaliyolainishwa na makalio ya nusu ya vijana wa mji.

"Babu zetu walileta shanga na vitambaa kutoka pwani kwa miguu," alikuwa akisema. "Sisi tunaleta kaseti kwa treni. Hayo ndiyo maendeleo."

Kazi sikupata, kwa hiyo akanipa kiti, chuma cha kulehemia, na sanduku la mashine zilizokufa. Nilidhani nitakaa mwezi mmoja. Nilikaa miaka kumi na saba, wa mwisho kati ya hiyo nikiwa peke yangu, Ami ameshatangulia mbele ya haki. Kustaafu kwenyewe hakukuwa na sherehe. Siku moja niligundua wiki tatu zimepita bila mtu kuleta mashine, nikafunika meza kwa kanga, nikaenda kupika. Sasa naandika makala, kazi nyingine ambayo watu huniuliza kama ni kazi.

Wiki yangu ya kwanza nilichoma mashine. Adapta ya redio ilikuwa imelala mezani, nikaijaribu kwenye mashine ya gemu, ikaingia sawasawa. Nikajiambia, kwa akili yangu yote ya chuo kikuu, kwamba kinachoingia ndicho chenyewe. Sikujua kwamba adapta mbili zinaweza kuwa na mdomo mmoja, huku chanya na hasi zimebadilishana mahali. Moshi ulitoka mwembamba, kama wa ubani.

"Zuhura!" Ami akaita kutoka dukani mbele. "Umechoma nini?"

"Hakuna, ami."

"Kinanuka."

"Labda ni kwa jirani."

Alikuja, akainama, akanusa mashine, akaninusa na mimi. Hakugomba. Aliitundika maiti ile ukutani kwa msumari, juu ya kichwa changu, akasema, "Hiyo ni shahada yako ya pili. Ya kwanza ilikufundisha kusoma vitabu, hii itakufundisha kusoma alama ya chanya na hasi. Na siku nyingine ukichoma kitu, sema umechoma."

La chanya na hasi nililishika. Lile la mwisho ndilo linaloniandikisha leo.

Niwape elimu kidogo, maana hakuna tena anayeihitaji. Kaseti isiposoma, usiipulize. Mji mzima ulikuwa unapuliza, na kila aliyepuliza aliamini ana pumzi ya pekee. Mate yanatua kwenye meno ya shaba, na baada ya wiki meno yameota kutu. Chukua raba ya kufutia penseli, sugua taratibu kuelekea upande mmoja, malizia na pamba yenye spiriti. Kitufe cha jostiki kikichoka, usikibonyeze kwa nguvu zaidi. Fungua, utakuta kijipira chenye doa jeusi lililochakaa. Kata karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ukubwa wa punje ya dengu, gundisha juu ya doa. Nusu ya jostiki za Tabora miaka ile zilikuwa sigara kwa ndani. Na ukishatengeneza, usijaribu mwenyewe, maana fundi anaipapasa kazi yake kwa huruma. Mpe mtu anayekasirika haraka. Ikivumilia dakika kumi mikononi mwake, imepona.

Kiangazi, upepo unapoleta vumbi lile jekundu, funika televisheni kwa kanga iliyolowa kidogo na kukamuliwa. Na kaseti ikiandikwa ina gemu elfu moja, usiamini. Tuliikalia moja Jumapili nzima tukazihesabu: zilikuwa kumi na moja, zikijirudia kwa majina mapya. Sikulalamika. Vitabu vyangu vingine vya chuo vilikuwa hivyo hivyo.

Jambo la mwisho alilonifundisha Ami, nalo lishikeni, ni kutambua kukatika kwa umeme huku umefumba macho. Ukikatika kweli, unaanza kuusikia kabla hujauona. Mashine ya kusaga ya mtaa wa nyuma inashusha sauti, inazama mpaka kimya. Kisha mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, waliomo ndani na waliomo nje, wanaguna pamoja: "Aaaah!" Ukirudi ni "Eeeee!" Hakuna aliyewafundisha, na hakuna anayechelewa.

"Televisheni ikizima na mtaa haujaguna," Ami alisema, "usiwasingizie watu wa umeme. Tatizo ni lako. Angalia plagi."

Sasa nije kwenye ubao.

Mashine zetu hazikuwa na kumbukumbu. Ninyi leo mkifika mahali, simu inakumbuka, inawapongeza, inawauliza kama mnataka kuendelea. Zetu ukizima zinakusahau kama hujawahi kuzaliwa. Kwa hiyo palikuwa na ugomvi kila wiki. Huyu amefika mistari mia na sitini, yule anasema mwongo wewe, kinachofuata ni ngumi. Ami akapaka rangi nyeusi ubao wa mlango uliovunjika, akautundika, akaweka sheria aliyoirithi kwa babu zetu wa biashara: hakuna kinachoandikwa bila mashahidi wawili, na shahidi asiwe ndugu wala rafiki wa mchezaji. Ukikaribia rekodi unapiga kelele, "Shahidi!" Wanakuja wawili, wanasimama nyuma yako kimya, wanasoma namba kwenye kioo, wanathibitisha, Ami anaandika kwa chaki. Shahidi wetu wa kudumu alikuwa Mzee Ramadhani, fundi cherehani wa kibaraza cha jirani. Alikuwa hajui gemu hata moja, na kwa sababu hiyo wote tulimwamini.

Gemu kuu ya ubao ilikuwa ile ya matofali yanayoshuka, unayapanga, mstari ukijaa unafutika. Kulikuwa na tofali refu tulilolipa jina la fimbo, na tofali lenye pembe tuliloliita ndoano. Kila mchezaji mzuri anaacha kijinjia pembeni, shimo refu la upana wa tofali moja, akisubiri fimbo ishuke imfutie mistari minne kwa mpigo. Fimbo isipokuja, ukuta unapanda mpaka unakuua.

Juu kabisa ubaoni paliandikwa: ZUHURA, 214.

Sitajifanya mnyenyekevu. Nilikuwa hodari. Nilikuwa msomi asiye na kazi ya usomi, ninayelehemu nyaya za vitufe, wenzangu niliosoma nao wakiniandikia barua kutoka maofisini. Mia mbili kumi na nne lilikuwa jambo pekee katika mji ule lililosema kwamba mimi ni wa kwanza katika kitu. Kila asubuhi nilipofagia nilikuwa nainua macho kidogo, nione kama bado lipo.

Kisha akaja Maganga.

Maganga alikuwa mfanyakazi wa reli pale Bukene, kwenye njia ya Mwanza. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia, treni ipi ipite pembeni na ipi iendelee. Alikuwa na miaka arobaini hivi, mimi ishirini na kitu; nikamwita kaka, akaniita Fundi. Alikuja Tabora kwa shughuli za kazi, na akisubiri treni ya kurudi alikuwa anatembea hatua mia mbili kuja kwetu. Duka letu liliishi kwa watu wanaosubiri. Mji wenyewe uliishi hivyo tangu misafara: watu wanafika, wanapumzisha mabega, wanangoja wenzao, wanaondoka. Wa Kigoma, wa Mwanza, wa Mpanda, wote lazima wakae Tabora kidogo, na ndani ya hicho kidogo ndimo tulimojenga nyumba.

Alikuwa anakaa benchi la mwisho na mfuko wa michembe, anatafuna vile viazi vikavu, anacheza. Mara ya kwanza nilimfokea.

"Kaka Maganga, jostiki inanata! Futa mikono!"

"Hii inanata kwa gundi yako ya sigara, Fundi, usinisingizie."

"Ukimaliza utaiosha wewe."

"Nikimaliza utakuwa unaufuta ubao wewe."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu alikuwa amefika mistari arobaini tu. Safari iliyofuata alifika tisini. Baada ya miezi michache alikuwa mia na themanini, na mashahidi, na jina la pili ubaoni.

Nilimtazama anavyocheza nikaona tofauti yetu. Mimi nilikuwa nakimbizana na matofali. Yeye alikuwa anayapokea. Aliyaangalia yanavyoshuka kama anayeangalia mabehewa, anajua kila moja litalala wapi kabla halijafika, na kile kijinjia cha pembeni alikitunza safi kuliko mtu yeyote niliyemwona. "Njia ya pembeni haizibwi," alikuwa anasema. "Ukiiziba, treni zote mbili zimekwisha." Alinifundisha bila kutaka. Nusu ya makala zangu leo nazipanga hivyo: naacha nafasi pembeni, nasubiri.

Siku yenyewe alikuja bila michembe. Nilijua kuna jambo.

"Kazi zinapunguzwa," alisema. "Barua nimepewa asubuhi hii. Hii ni safari ya mwisho kwa pasi ya kazi, Fundi. Nikirudi Bukene leo, Tabora nitakuja kwa nauli yangu kama abiria wengine, na mkulima wa mpunga hana shughuli ya kila mwezi Tabora."

"Pole sana, kaka."

"Usinipe pole. Niwashie mashine ya tano. Nataka nikishuka Bukene niwaambie jina langu liko wapi. Wamenicheka vya kutosha pale stesheni kwa habari ya huu ubao."

Nikamwashia. Naomba mlikumbuke hilo: nilijua. Nilijua ni safari ya mwisho, nilijua anataka nini, na niliwasha kwa mkono wangu.

Ami alikuwa ameenda Igunga kufuata mzigo wake katika lori. Ndani kulikuwa na Maganga na vijana watatu. Alianza saa nne na nusu. Akafika mia, akafika mia na hamsini, vijana wakazima gemu zao wakaja kutazama. Mia na tisini. Nilivuta kiti changu karibu, nikajiambia nataka kuona vizuri. Chini ya kiti hicho ndipo ulipopita waya mrefu wenye soketi nne, na soketi ya mashine ya tano na televisheni yake ilikuwa imelegea. Niliijua kuliko mtu yeyote. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafokea watu kutwa, "Usikanyage hapo!"

Mia mbili na tano.

"Shahidi!" Maganga akaita, macho hayatoki kwenye kioo.

Kijana mmoja akamfuata Mzee Ramadhani. Akaja na sindano mkononi na uzi mdomoni, akasimama mlangoni, akawa bado anahangaika kuutia uzi kwenye tundu. "Nipigieni kelele ikikaribia," alisema. "Macho yangu yana kazi."

Mia mbili na tisa. Mimi sikuwa naangalia matofali tena. Nilikuwa naangalia namba zile za pembeni, moja, moja, kama mgonjwa anayeangalia dripu. Mia mbili na kumi. Mia mbili kumi na moja. Nikahesabu: bado tatu anifikie, bado nne anipite. Fimbo moja ikishuka, basi, mimi si kitu. Kisigino kikashuka.

"Aah! Umeme!" nikapiga kelele.

Picha ikajikunja, ikawa nukta nyeupe katikati ya kioo, nukta ikazima.

Vijana walishika vichwa. Mmoja aliwatukana watu wa umeme kwa jina la kila mama. Mzee Ramadhani, uzi umeingia hatimaye, akauliza, "Ilikuwa ngapi?" Wakamwambia mia mbili kumi na moja. Akasema, "Mimi sikuona." Ndivyo alivyokuwa, asichokiona hakukisema.

Maganga aliifuta jostiki kwa pindo la shati, vizuri, kila kitufe, akailaza juu ya mashine.

"Umekatika, Fundi?"

"Umekatika, kaka Maganga. Pole."

Alinitazama kidogo. Akasema, "Haya. Hiyo imepita." Akaenda kupanda treni yake.

Nilipobaki peke yangu niliirudisha plagi, na kwa dakika chache nilihisi ushindi. Kisha nikasikia mashine ya kusaga ya mtaa wa nyuma. Ilikuwa inasaga. Ilikuwa haijaacha kusaga.

Jioni Ami akarudi, vijana wakamweleza. Akaniita mbele ya duka. "Umeme ulikatika leo mchana?"

"Ulikatika, ami."

"Nimemkuta wa mashine ya kusaga, hakuniambia kitu."

"Labda ni upande wetu tu. Wallahi ulikatika."

Alinitazama, akatazama juu, pale ilipotundikwa mashine niliyoichoma. Hakuuliza tena. Lakini tangu siku ile hakuandika tena ubaoni kwa mkono wake. Alikuwa ananipa chaki. "Andika wewe," anasema, "wewe ndiye mwenye macho."

Nilimwona Maganga mara moja tu baada ya hapo, miaka kadhaa mbele, stesheni, mimi nikimpeleka mgeni. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Tukasalimiana, tukaulizana watoto, kisha akasema kwa upole, "Fundi, siku ile. Umeme ulikatika kweli?"

"Kaka Maganga, bado unalo hilo?" nikacheka. "Ulikatika."

Akacheka na yeye. Nilikwenda nyumbani nimeridhika, nikijiambia kwamba mambo ya gemu ni mambo ya gemu.

Si kweli. Nimeyafikiria sana tangu nifunike ile meza. Ninyi simu zenu zinawashuhudia: umecheza lini, umefika wapi, umeshindwa mara ngapi. Sisi hatukuwa na cha kutushuhudia isipokuwa mtu. Ukifika mahali na mtu hakuona, hukufika. Ndiyo maana tunavikumbuka vizuri vile vyumba vya joto na mabenchi yale. Hazikuwa gemu nzuri kuliko zenu, zenu ni nzuri mno, nimejaribu moja ya mpwa wangu Nasra nikafa kabla sijajua ninayemwongoza ni yupi. Zetu zilihitaji watu. Na mimi, fundi wa chumba kile, mtu wa kuaminiwa kuliko wote kuhusu waya na plagi, nilikuwa shahidi pekee wa kweli wa jambo moja, nikasema uongo.

Wiki iliyopita nilipata ujumbe. Mwandishi wake alijitambulisha kuwa ni Kabula, mwalimu, binti wa Maganga wa Bukene. Baba yake sasa anaishi kwake kijijini Ntalikwa, analima mahindi na karanga. Amesoma makala zangu, akauliza kama mimi ndiye Zuhura wa duka la gemu.

"Shangazi, baba ana hadithi moja," aliandika. "Kila watoto wakishika simu kucheza, anawaambia kwamba alikaribia kuwa wa kwanza Tabora nzima, umeme ukakatika. Wameichoka. Wanamwita Babu Umeme. Wanasema ni uongo, hakuna mzee wa reli aliyecheza gemu. Juzi aliinuka, akaondoka mezani. Ulikuwepo. Naomba umpigie uwaambie watoto kama ni kweli."

Nilikaa na ujumbe ule siku mbili. Siku ya tatu niliingia stoo, nikautoa ubao. Nasra alinisaidia kufuta vumbi. Jina langu bado lilisomeka. Nikaamua: nitamwandikia mia mbili kumi na tano. Nitawaambia wajukuu kwamba alinipita, mimi nikaficha. Nililiona kuwa jambo la haki, hata la heshima. Leo asubuhi nikapiga.

"Shikamoo, kaka Maganga."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Fundi. Zuhura wa Ami Salum."

Sauti ikafunguka kwa salamu ya kwao. "Mwangaluka, Fundi! Kumbe uko hai! Kabula, njoo usikie, ni Fundi!"

"Kaka, subiri usiwaite. Nina neno kwanza." Nikausogeza ubao karibu. "Siku ile umeme haukukatika. Nilichomoa mimi. Kwa mguu."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua siku ile ile. Ulipiga kelele kabla kioo hakijazima. Mimi mtu wa kugeuza njia, Fundi, kazi yangu yote ni kujua kipi kimetangulia. Halafu mtaa haukuguna. Wewe uliguna peke yako."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuuliza. Mara mbili. Ile ya stesheni nilikuuliza ili upate pa kutokea."

Nikakimbilia ubao. "Nimeamua kukuandika, kaka. Mia mbili kumi na tano. Nitawaambia watoto ulinipita. Ungenipita."

"Shahidi wako wa pili nani?"

"Kaka..."

"Usiniandikie nisichokifika. Mimi nilikuwa nakufa, Fundi. Hukuona? Ndoano ilikuwa imekaa mdomoni mwa njia ya pembeni. Nimeiweka mwenyewe, kwa pupa. Ukuta ulikuwa shingoni. Tofali mbili zaidi, tatu zikizidi, nimekwisha."

Nilifumba macho nikajaribu kukiona kile kioo. Sikuona kitu isipokuwa namba pembeni. Bingwa wa Tabora nzima, na sikuwa nimeangalia matofali.

"Kwa hiyo ningekaa kimya tu..."

"Ungekaa kimya tu, ungebaki wa kwanza. Umechomoa bure. Umeapa bure."

"Na wewe miaka yote hii umewaambia ni umeme."

Alicheka, kicheko kile kile cha benchi la mwisho. "Sasa niwaambie nini pale Bukene? Nimeachishwa kazi na nimeshindwa na ndoano siku moja? Umeme wako ulinisitiri. Tatizo wajukuu hawasitiriki. Ndiyo hao wanakuja, wameacha televisheni. Nitaweka sauti kubwa. Uwaambie, lakini kama ilivyokuwa. Na la ndoano nitawaambia mimi."

Nikawaambia. Nikawaambia kuna chumba, kuna mashine ya tano, kuna babu yao, na nilichofanya kwa kisigino. Yeye akawaambia la ndoano. Mtoto mmoja akauliza, "Kwa hiyo wote wawili mlikuwa waongo?" Kabula akamkemea, Maganga akasema, "Mwache, amesoma vizuri."

Kisha akaniambia, "Fundi, chaki unayo?"

"Ninayo."

"Mashahidi wamefika wawili, mimi na wewe, na hatukuwa marafiki siku ile. Andika Maganga, mia mbili kumi na moja. Chini yako."

Nilifuta ile mia na themanini ya zamani kwa kiganja. Nilikuwa naandika moja ya mwisho niliposikia, kwenye simu, kutoka Ntalikwa, kwanza karibu kisha mbali, watoto na wakubwa, nyumba hii na ile, kwa pamoja:

"Aaaah!"

"Umesikia?" Maganga akasema. "Hivyo ndivyo unavyokatika."